Anza na Mwenye Hali Mbaya

Vijana wenzangu wa wodini, ingawa sijui kama bado nina haki ya kuwaita wenzangu maana funguo za kabati la dawa nilikwisha kuzikabidhi, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Nimekubali kwa sharti moja: msitegemee kusoma habari za vyeo. Cheo kilinijia kama mvua ya huku kwetu, kidogo na kwa kuchelewa, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika habari ya ripoti. Naam, ile ripoti ya kupokezana zamu ambayo nyinyi huisoma mbio mbio macho yakiwa kwenye simu. Ndani yake kuna msichana mmoja, mto mmoja na vibuyu vya maziwa. Nisipoyaandika nitakufa nayo, kwa kuwa nyumba hii niliyostaafia haina mtu wa kumsimulia.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Bangale. Nilishuka kwenye lori lililokuwa limebeba mbuzi, nimevaa sare nyeupe ambayo mama yangu aliipiga pasi mara mbili, na hadi nafika ilikuwa imekuwa rangi ya barabara. Muuguzi mkuu wa pale, Mzee Buya, alinitazama kutoka kofia hadi viatu akasema, "Karibu, binti. Nyeupe ni ya hospitali za kwenye picha." Kisha akanikabidhi jiko la mafuta ya taa na sufuria. Siku hizo mabomba ya sindano yalikuwa ya kioo, tunayachemsha, na sindano zenyewe zikibutuka tunazinoa kwenye jiwe. Mgonjwa akilia huwezi kujua analia kwa ugonjwa au kwa jiwe letu. Mzee Buya alinifundisha kunoa, kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kile kipembe cha mbao cha wakunga, na kutomwamini mgonjwa aliyenyamaza.

Alikuwa mpole, mtu wa kuchekacheka. Jambo moja tu lilimtoa kwenye upole wake, na nililiona asubuhi moja nikiwa bado mgeni. Muuguzi aliyekuwa akitoka zamu alianza ripoti kitanda cha kwanza, kama ilivyokuwa desturi. Wa kwanza amelala vizuri. Wa pili amekunywa uji. Wa tatu anauliza lini ataruhusiwa. Tukazunguka hivyo, tukicheka hapa na pale, mpaka tukafika kona ya mwisho alipokaa mama mmoja amempakata mtoto wake aliyelazwa kwa kuhara. Mtoto alikuwa amekwisha kufa. Mama hakuwa ametuita. Alituona tunazungumza, akaona si adabu kutukatiza.

Mzee Buya alimfunika mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza alitugeukia sote. "Tangu leo ripoti inaanza na mwenye hali mbaya. Wazima watasubiri. Mzima ana subira." Sikumsikia tena akipaza sauti vile, wala sikuwahi tena kuanza ripoti na kitanda cha kwanza.

Miaka ikapita nikizungushwa huku na huku kando ya Mto Tana. Nimeshona mguu uliotafunwa na mamba huku mke wa mgonjwa akinishikia taa, akiniuliza kila mshono kama mumewe ataweza kulima tena, na hata mara moja asiulize kama anaumia. Mafuriko yalipotuzingira nilizalisha juu ya meza ya chanjo, maji yakiwa magotini, na mtoto tukamwita Mafuriko mpaka baba yake alipofika na jina la maana. Kipindupindu nacho sikisimulii. Nyinyi mnakula mkisoma. Mwishowe nikaletwa kwenye kituo cha afya kando ya mto, si mbali na Garsen, karibu na kwetu. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mwanangu Jilo alikuwa Mombasa kikazi. Nikapewa nyumba ya chumba na sebule nyuma ya wodi, nikapewa na wanafunzi wa uuguzi wa kuwaelekeza. Nyumba ilivuja. Wanafunzi nao, tuseme, walihitaji kuzibwa hapa na pale.

Halima alikuja na kundi moja la wanafunzi kutoka chuoni Hola. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, Muorma, kwao ng'ambo ya pili ya mto uleule. Nyanya yake ndiye aliyemlea wakati mama yake akifuata ng'ombe malishoni, na nyanya huyo ndiye aliyewakatalia wazee waliotaka kumwoza kabla hajamaliza shule. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuvaa sare ya hospitali. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akiwaosha wagonjwa bila kukunja uso. Lakini siku ya kwanza nilipomwambia anipe ripoti, alisimama wima akasema, "Wodi ina amani, Sista. Wagonjwa wote wana amani."

"Amani?"

"Amani kabisa."

"Na yule mzee wa kitanda cha nne?"

"Na yeye ana amani, Sista. Ila ametapika tena, mkojo hajapata, na presha imeshuka."

Mwenzake Kahindi, kijana wa Kigiriama ambaye wazazi wake walihamia huku kulima, alicheka mpaka akadondosha kalamu. Nilikimbilia kitanda cha nne na dripu. Mzee alipona, alhamdulillahi, lakini kwa amani ile tungemzika.

Msimcheke Halima. Waorma hawapeani habari mbaya wamesimama. Kwanza ni salamu, na salamu yao ni ndefu: watu wana amani? Ng'ombe wana amani? Ndama? Malisho? Maji? Na jibu ni amani, amani, amani, hata kama jana simba amebeba fahali. Mgeni ataketi, atapewa maziwa, atakunywa, atapangusa mdomo. Hapo sasa ndipo anaambiwa fulani amefariki. Wanasema msiba haumwagwi juu ya mtu aliyesimama na kiu. Na sisi wengine tusijione bora. "Habari?" "Nzuri." Hiyo nzuri yetu mnaijua ilivyo, mtu amefukuzwa nyumba na bado ni nzuri.

"Halima," nilimwambia, "nyumbani salamu hutangulia. Hapa wodini, anza na mwenye hali mbaya." Aliitikia, na akajifunza, ingawa kila asubuhi nilimwona akiimeza ile amani kabla ya kufungua kinywa.

Kisha ikaja corona. Chuo kilifungwa, wanafunzi wakarudishwa makwao, halafu wakaitwa tena wamalize mazoezi ya kazi. Wengi hawakuitikia. Kwangu walirudi wawili, Halima na Kahindi. Chumba cha kuhifadhia vyandarua tukakigeuza kuwa cha kutenga wagonjwa. Magauni ya kujikinga yalipokwisha tulivaa makoti ya mvua, na kwa joto la Tana mtu ukilivua koti lile unamwaga jasho lako kama maji ya beseni. Wauguzi wenzangu wawili walikuwa wamejitenga, wanaumwa. Zamu zikabaki kwangu na kwa watoto wale.

Hofu ya mwanafunzi wa uuguzi haifanani na hofu ya mtu mwingine. Mwanafunzi amesoma nusu ya kitabu. Anajua jina la kila kitu kinachoweza kuharibika mwilini, ila hajakaa kazini muda wa kutosha kuona ni mara ngapi hakiharibiki. Kahindi alikuwa akienda jikoni kila asubuhi kunusa kitunguu, ahakikishe pua yake bado iko hai. Mpishi alikuja kulalamika kwangu kwamba kuna kitunguu kimenuswa mpaka kimekwisha harufu. Halima yeye alikuwa na mikono. Alikuwa akiiosha kwa dawa ya klorini, anamaliza, anageuka kana kwamba kuna mtu amemwita, anarudi kuiosha tena, mpaka ngozi ikawa inabanduka. Nilimkataza, nikamtafutia mafuta ya nazi ajipake. Akajipaka, akasema, "Asante, Sista," kisha akaenda kuosha mafuta.

Asubuhi moja Kahindi alifunga begi. Sikumlaumu na wala leo simlaumu. Alinipa mkono wa kwaheri, akakumbuka, akaurudisha mfukoni.

Kijijini nako tuligeuka wageni. Tukifika bombani kina mama walirudi nyuma wakatuachia nafasi yote. Heshima ya namna ile sijaipata tena maishani. Watoto wao wengi ni mimi niliyewapokea kwa mikono hii. Sasa wanawavuta kwa mashati wasinisogelee. Iliniuma, jamani. Nilikuwa nikirudi na ndoo yangu, nafunga mlango, nakaa kitandani sina hata hamu ya kupika. Jilo akipiga simu kutoka Mombasa, "Mama, habari ya huko?" namjibu, "Nzuri, mwanangu." Basi tunaagana.

Mtu aliyekuwa akivusha watu mtoni kwa mtumbwi aliitwa Komora. Halima alipomwomba ampeleke kwao kusalimia, alikuna kichwa. "Dada, mimi nakuheshimu. Lakini nikikupakia wewe, wengine hawapandi tena. Nitakula nini?" Hivyo mama yake Halima ndiye aliyekuja. Kila siku ya soko alisimama ukingo wa pili akiwa na kibuyu cha maziwa, na kwa kuwa maji yalikuwa yamepungua, mtu akipaza sauti alisikika vizuri. Maziwa Komora alikubali kuyavusha. Alisema maziwa hayana corona. Kibuyu kitupu, hata hivyo, alikataa kukirudisha kwa sababu kimetoka hospitalini. Basi vibuyu vikawa vinajipanga kwenye dirisha la Halima, na kila asubuhi alikuwa akinusa kimojawapo. Wenyewe huvifukiza kwa moshi wa kuni maalumu kabla ya kukamulia, na harufu ile haitoki. Hicho ndicho kilikuwa kitunguu chake.

Nilikuwa nikimsindikiza mtoni, nakaa juu ya mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa. Kiorma nakisikia, miaka ya Bangale haikupotea bure. Mama alikuwa akiita, "Halima! Una amani?" Naye, "Amani! Nyumbani wana amani?" "Amani!" "Nyanya ana amani?" "Amani! Na wewe, kazi ina amani?" "Amani!" Ng'ombe wanaulizwa, ndama wanaulizwa. Salamu ikiisha, hakuna pa kuketi. Katikati kuna mto, kuna mamba, kuna Komora. Wanatazamana kidogo, mama anageuka kwenda zake. Simu kule kwao haishiki, na mgonjwa mmoja wa ng'ambo alikuwa ametudokeza kwamba kikohozi kimeingia.

Njiani siku moja Halima aliniuliza, "Sista, mama anasema amani, na mimi nasema amani, na mimi sina. Sasa yeye je?"

Nilimwambia tuharakishe, zamu inatungoja.

Siku ya soko iliyofuata maziwa yalikuja ndani ya kibuyu kingine. Kilikuwa cha zamani, kimeshonwa ubavuni kwa uzi wa ngozi, na kamba yake imekuwa nyeusi kwa kushikwa. Halima alikipokea kwa Komora, akaniambia tuondoke. Alinitangulia, lakini hakufika hata wodini. Nilimkuta ameshikilia nguzo ya baraza, anahema kwa kifua cha juu, midomo imekauka, vidole vimekakamaa kama makucha.

"Nimeipata, Sista. Sipumui. Nimeipata."

Nilimkalisha, nikamfunga kile kipimo cha kidole. Oksijeni yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nikamwonyesha. Nikamwambia apumue nami, taratibu, kama anapuliza uji wa moto. Tukapuliza uji ule mpaka vidole vikalegea.

"Mapafu yako ni mazima," nikamwambia. "Hii ni hofu. Nayo ni ugonjwa, sikudharau. Sema imetoka wapi."

Alikiweka kibuyu mapajani. "Hiki ni cha nyanya. Kwetu chombo cha maziwa cha mwanamke mkubwa hakishikwi na mwingine mwenyewe akiwa hai."

"Labda vyombo vimewaishia. Vyote si viko dirishani kwako?"

"Hilo ndilo linaloniua, Sista. Labda amekufa. Labda vyombo vimeisha. Ningejua amekufa, ningelia. Sijui hata kama nina haki ya kulia." Akajipangusa pua kwa mkono ule ulioungua kwa klorini. "Nataka kwenda. Nitaogelea nikikataliwa. Na nikienda, sirudi. Uuguzi huu siuwezi."

Nilijua anasema kweli. Akiondoka vile, mwaka wake umepotea, na msichana wa kwao akipoteza mwaka mmoja nyumbani, posa haichelewi. Tena ndani ya chumba cha kutenga kulikuwa na mama mmoja muuza samaki, anapumua kwa mtungi wa oksijeni, na wa kumgeuza ubavu tulikuwa wawili tu.

"Kama mama yako angekuwa muuguzi wa zamu," nikamwuliza, "na anakukabidhi wodi, ungekubali akwambie amani?"

"Hapana."

"Basi siku ya soko mwombe ripoti."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo sokoni. "Ni utovu wa adabu, Sista. Mbele za watu!"

"Ni utovu, ndiyo. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Radhi utaiomba baadaye."

Siku hiyo ilipofika alikuja na kile kibuyu. Hakuwa amekifungua. Mama yake alikuwa amekwisha fika, amesimama na kina mama wengine wanaosubiri kuvuka, mtandio umemzunguka kichwa.

"Halima! Una amani?"

Halima akakiweka kibuyu chini.

"Halima! Una amani?"

Kina mama wakageuka kutazama. Halima akaweka viganja pembeni mwa mdomo, na sauti ikamtoka kwa nguvu mpaka ikapasuka: "Mama! Leo usinipe amani! Anza na mwenye hali mbaya!"

Komora alikuwa katikati ya maji. Upondo wake ukasimama. Kina mama wakashika midomo, na mmoja akasema kitu nisichokipenda kuhusu watoto waliosoma. Mama yake Halima akakaza mtandio kichwani. Nilidhani atageuka aende, nami nitakuwa nimewagombanisha mtu na mama yake.

"Keti," alisema hatimaye. Hakusema kwa ukali. "Keti kwanza."

Akaketi yeye mwenyewe kwenye tope la ukingoni, akanyoosha miguu. Halima akaketi upande wetu. Na mimi nikateremka kwenye ule mtumbwi uliopinduliwa nikaketi chini, hakuna aliyeniambia.

"Kunywa maziwa."

Halima akafungua kibuyu. Maziwa yalikuwa yameganda. Alikunywa, akapangusa mdomo kwa nyuma ya mkono, kama mgeni aliyetoka safari ya mbali.

"Nyanya yako ametuacha," mama akasema. "Tulimzika kabla ya soko lililopita. Alisema kibuyu apewe Halima. Mimi sikuweza kupigia kifo kelele juu ya maji, mwanangu. Ungekipokea umesimama."

"Alikohoa?"

"Alikohoa."

"Inna lillahi," Halima akasema, akainama juu ya kibuyu. Alilia kwa sauti, na mama yake akalia upande wa pili, na mto ukapita katikati yao na hakuna aliyeweza kumshika mwenzake. Hata mimi sikumshika. Nilikuwa na glavu mfukoni na sikumshika, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumewafundisha watu. Katika kazi yangu yote sijaona kitu cha upweke kuliko kile.

Alipopata pumzi alisema, "Na mimi sina amani, mama. Mikono inatetemeka. Kifua kinabana. Namwogopa kila mgonjwa. Hakuna mtu anayetusogelea huku."

"Najua. Hiyo amani yako niliisikia ilivyokuwa nyembamba."

Komora alikuwa amesogeza mtumbwi hadi ukingo wetu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Panda, dada. Nitakuvusha. Anayetaka kugoma na agome."

Nilitaka kusema, baki. Mungu anajua nilivyotaka. Niliona nitakavyorudi peke yangu kwenye ile wodi na yule mama wa mtungi, nami mwenyewe nilikuwa nikiogopa, tangu siku ya kwanza nilikuwa nikiogopa, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Lakini msiba haukuwa wangu.

Halima alisimama. Akafika hadi kwenye maji, yakamlowesha viatu. "Mama, kuna mwingine anayekohoa?"

"Hakuna. Waliobaki ni wazima."

Akatazama mtumbwi, akatazama mikono yake. "Basi siji," akasema. "Siwezi kuwaletea ugonjwa walio hai kwa ajili ya aliyekufa. Nikimaliza huku, nikipimwa, nitakuja niketi kaburini kwake."

Mama yake alijifunika uso kwa mtandio. Tukangoja. Alipojifunua alisema, "Haya. Basi virudishe vile vibuyu. Hatuna pa kukamulia."

Na Komora alivivusha vyote. Alivipakia mtumbwini kimoja kimoja, hakuna aliyesema chochote kuhusu hospitali. Kile cha nyanya tu ndicho kilichobaki.

Jioni ile Halima alikuja kunipa ripoti. Alivaa koti la mvua, barakoa imemlowa machozi. Nilimwambia aache, akapumzike. Akakataa, akasimama wima kama siku ya kwanza. "Sista, mwenye hali mbaya ni Halima. Analia, anatetemeka, hajala tangu jana. Anahitaji chai. Wa pili ni mama wa mtungi, oksijeni imepanda kidogo, ameomba samaki." Kisha akanitazama juu ya barakoa. "Na wa tatu ni wewe, Sista. Lakini wewe hujasema unaumwa nini."

Nilimwambia aende akanywe chai.

Muuza samaki alitoka kwa miguu yake akitukana uji wetu. Waliomfuata, wengine walitoka, wengine tuliwafunga kwenye mifuko ya maiti. Halima alimaliza, akafuzu, akaenda kuketi kwenye kaburi la nyanya yake kama alivyoahidi. Siku hizi yuko Nanighi, ana zahanati na wanafunzi wake mwenyewe, na naambiwa ni mkali.

Nami nimestaafu. Nilikabidhi funguo mchana, nikaagwa kwa soda na picha, nikabeba godoro langu nikaja hapa nyumbani alipojenga marehemu mume wangu. Nina kuku, migomba, na saa ya ukutani yenye kelele kuliko mimi. Mikono inaamka mapema kuliko mwili, inatafuta kipimajoto. Majirani wananisalimia wakipita njiani. Nzuri, nawaambia. Jilo anapiga simu kila Jumapili. Nzuri, mwanangu. Kuna wiki nzima ambayo neno nililolisema ni hilo peke yake.

Juzi alasiri, nikichambua mchele, simu ililia. Ilikuwa Halima. Alinisalimia salamu ndefu ya kwao: mimi, kuku, migomba, mto. Nikamjibu zote. Amani. Amani. Nzuri tu, mwanangu, nashukuru Mungu.

Nyuma yake nilisikia beseni likigongwa na mtoto akilia, sauti za wodi, zikanikata maini.

"Hiyo ilikuwa salamu, Sista," akasema. "Salamu nimepokea. Sasa nipe ripoti. Anza na mwenye hali mbaya."

Niliweka ungo chini. Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Wodi ina mgonjwa mmoja tu," nikamwambia.